Kidole Gumba cha Kanuti

1

Siku ya tano tulikuwa bado tunatoa tope Mashineni kwa ndoo, na bado tulikuwa hatujampata mke wa Kanuti.

Kumi tulikuwa tumeshawazika. Wa kumi na moja alikuwa Emerensiana, na yeye tope lilikuwa limekataa kumtoa. Mimi nilikuwa nyumbani kwa wifi yangu Leokadia, dada wa marehemu mume wangu na mwenyekiti wa mtaa ule, nikichota tope chumbani nikimpitishia dirishani. Alama ya maji ilikuwa imepita juu ya fremu ya mlango. Chini ya alama hiyo kilikuwepo kitanda, na juu ya kitanda shuka jipya, lile ambalo Leokadia alikuwa analitunza sandukuni tangu harusi ya binti yake.

"Nilimtandikia mwenyewe," Leokadia alisema. "Nikamwambia lala, shemeji, mguu wako upumzike, mimi nakwenda kukoroga ubwabwa wa msiba. Mgeni wangu, wifi. Mgeni afe kitandani kwangu, mimi nibaki na mwiko mkononi."

Nilichota.

"Kesho kutwa wanakuita halmashauri. Utasema nini?"

"Nitasema kilichotokea."

"Kilichotokea ni mafuriko."

"Wifi."

"Sema kibao kiligoma. Nani asiyejua kwamba vile vibao vinagoma? Sema ulipata vidole vyote viwili, changu na cha Kanuti, kikakataa. Mashine haina mama wala watoto, itaumia nini?" Aliweka ndoo chini na kunitazama usoni. "Ukisema kosa ni la mtu, wanamrudishia Mpimaji uamuzi. Na wewe unajua Mpimaji akiachiwa anachagua wapi."

Nilijua. Mji mzima wa Lukwembe ulijua.

Mpimaji alikuwa mashine, lakini tulimsema kama mtu. Nyuzi zake zilifukiwa milimani, kilometa sitini juu yetu, zikionja unyevu wa udongo, na mvua ikizidi huko alituambia maji yatafika Lukwembe saa ngapi na kwa wingi gani. Katika hilo hakukosea hata siku moja. Tatizo ni kwamba tuta la mto halikuweza kubeba maji ya miaka hii. Lazima mlango mmoja kati ya mitano ufunguliwe, mtaa mmoja upokee maji ili mingine minne ipone. Mwanzoni alichagua yeye. Aliambiwa achague penye hasara ndogo, basi akahesabu matofali ya kuchoma, mabati na maduka. Nyumba za Mashineni ni za udongo. Miaka minne mfululizo mlango uliofunguka ulikuwa wa Mashineni, na hakuna aliyeifundisha ile mashine kuonea watu.

Waliovunja jambo lile ni wanawake wa upatu. Walikwenda ukumbini na madaftari yao wakauliza: kama sisi tunaweza kupokea kwa zamu, kwa nini maji yasipokewe kwa zamu? Mpimaji aseme lini, watu waseme wapi. Mtaa wenye zamu unahamia kwa muda kwenye mtaa mwingine, unapokewa, unalishwa, maji yakipita unarudi nyumbani, na wenzao wote wanakuja kusaidia kutoa tope. Miaka kumi na mmoja tuliishi hivyo bila kumzika mtu kwa ajili ya maji. Na kama ilivyo kwenye upatu, mwenye shida aliweza kubadilishana zamu na mwenzake. Mimi ndiye niliyekabidhiwa kibao cha zamu, kile kidude cha skrini kinachosoma vidole vya wenyeviti. Watoto waliniita Mama Zamu, na ukweli ni kwamba nililipenda jina hilo kupita kiasi.

"Watoto wangu watahamia wapi kila mwaka?" Leokadia alisema. Hakuwa anagomba. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. "Uongo mmoja tu, wifi. Mdogo."

2

Kanuti nilimkuta kwenye mfereji nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga, peke yake, na mti mrefu mkononi. Alikuwa anauchomeka kwenye tope hatua kwa hatua, anausikilizia, anauchomoa. Kanuti Chogo, mwenyekiti wa Magengeni, mtu ambaye kwa kawaida ukikutana naye lazima akutanie kwanza ndipo akusalimie.

"Pole, kaka," nilisema.

"Nimeshapoa. Shika upande ule, usikanyage nilipopima."

Nilishika. Tukaenda bega kwa bega mpaka kwenye kona.

"Dada Desi," alisema, "nilikuona."

Nilisimama.

"Nilikuona umesimama pale kwenye mkaratusi na kibao chako kifuani. Nilijua umefuata nini."

Ilibidi nijikaze kisabuni ili nisilie mbele ya mtu mwenye msiba mkubwa kuliko wangu. Siku ile zamu ilikuwa ya Mashineni. Lakini Mashineni walikuwa na maiti ndani, Mzee Vitalis, aliyekuwa azikwe saa saba mchana, na huwezi kuhamisha mtaa na maiti ndani. Asubuhi Kanuti alikuja mwenyewe akasema Magengeni watapokea badala yao. Hakuombwa. Akatoa watu wake wote, na kwa kuwa Mashineni sasa palikuwa pa salama, walihamia huko huko, nyumba hadi nyumba, mkewe kwa Leokadia. Kisha akachukua chepe akaenda kuchimba kaburi la mtu wa mtaa aliousaidia. Ndivyo alivyo.

Kilichobaki ni vidole viwili kwenye kibao, vya wenyeviti wa mitaa iliyobadilishana. Kibao hufunguka saa mbili tu kabla ya komeo, na komeo huanguka saa moja kabla ya maji. Baada ya hapo hakuna mkono unaoweza kubadili mlango. Komeo tulilidai wenyewe, kwa kuogopa kwamba mtu akitishika dakika za mwisho atamgeuzia jirani yake maji. Vidole vya manaibu tulivikataa wenyewe pia, kwa sababu hiyo hiyo. Kidole kisipopatikana, mlango hufuata orodha. Orodha ilisema Mashineni.

Leokadia aliweka kidole chake saa saba na dakika tano. Nikapanda kilima cha misheni kukifuata cha Kanuti. Nilipofika walikuwa wameshaanza kufukia, na Kanuti alikuwa na chepe mkononi.

Kwetu Lukwembe mtu aliyeshika chepe la kaburi haitwi mpaka msalaba usimame. Akiitwa akageuka, amemwacha marehemu njiani, na hilo chepe hatalishika tena. Sikumbuki nani alinifundisha. Ni kama kuvua viatu mlangoni, hufundishwi. Basi nilisimama kwenye mkaratusi nikasubiri. Komeo ni saa tisa, nilijiambia, kaburi halichukui saa nzima. Katekista akasoma. Wakafukia. Wakaimba. Mtoto wa mwisho wa marehemu akaanguka akazimia, wakasimama wakampepea. Wakafukia tena. Mimi nilikuwa naangalia kibao, naangalia mgongo wa Kanuti, naangalia kibao.

"Mbona hukugeuka?" nilimuuliza sasa, kwenye tope.

"Nilisema moyoni, akiniita nitakwenda. Akiniita, aibu ni yake." Alichomoa mti, akaufuta kwa kiganja. "Na wewe mbona hukuniita?"

"Nilisema, akigeuka mwenyewe, aibu ni yake."

Alitikisa kichwa polepole, kama mtu anayekubali bei mbaya.

"Kwa hiyo tulikuwa tunaoneana haya," alisema. "Mimi na wewe, watu wazima."

Nililia. Sikuweza kujizuia tena. Yeye hakulia. Alinisubiri nimalize, kisha akasema amesikia kwamba Leokadia anataka kusingizia kibao.

"Anawafikiria watu wake," nilisema.

"Najua. Simlaumu. Lakini Emerensiana sijamwona bado, dada. Nikimpata, nimwambie nini? Kwamba amekufa kwa sababu ya betri?" Akachomeka mti tena. "Sitaki. Utakachosema mbele ya wale watu ni juu yako, lakini mimi wakiniuliza nitasema nilikuona."

3

Ukumbi wa halmashauri ulijaa mpaka madirishani. Mkurugenzi wetu ni kijana, katoka mbali, mpole, anayeandika kila kitu mwenyewe. Sikumchukia. Ingekuwa rahisi zaidi kama ningemchukia.

"Mama, kumbukumbu za Mpimaji zinaonyesha kidole kimoja tu kilipokelewa," alisema. "Tunaomba utueleze. Je, kibao kilikuwa na hitilafu?"

Leokadia alikuwa amekaa mstari wa tatu, na kanga yake ya msiba. Alinitazama kwa macho ambayo sijawahi kuona kwa mtu aliye hai, na mkurugenzi alikuwa ameshafungua mlango kwa ajili yangu. Neno moja tu, ndiyo, nami ningepita.

Nilifikiria watoto wa Mashineni. Nilifikiria pia kwamba nikisema kibao kiligoma, watatuletea kibao kipya, na siku nyingine mtu mwingine atasimama kwenye mkaratusi na kibao kipya akisubiri kwa adabu.

"Kibao kilikuwa kizima," nilisema. "Nilifika makaburini saa nane kasoro. Mwenyekiti wa Magengeni alikuwa anafukia kaburi. Sikumwita."

Mkurugenzi aliinua kalamu.

"Ulikuwa mbali naye kiasi gani?"

"Kama kutoka hapa mpaka kwenye ile bendera."

"Na ulisubiri muda gani?"

"Saa nzima na ushei. Mpaka komeo likaanguka mkononi mwangu. Ndipo nikapiga kelele, na watu wakakimbia kuteremka kuwatoa waliobaki chini. Walitoa wengi. Hawakutoa wote."

Leokadia aliinuka, akajifunika kanga kichwani, akatoka. Watu walimpisha njia. Nilimsikia akishuka ngazi za nje, kandambili zake zikigonga, na sauti ile iliniuma kuliko maswali yote.

Diwani mmoja wa mjini juu alisema basi mambo ni wazi, Mpimaji hasubiri mazishi, turudishe uamuzi kwake. Wengine wakaitikia. Ndipo Kanuti akasimama nyuma. Alisema yeye ndiye aliyefiwa kwa kosa hili, kwa hiyo aruhusiwe kusema. Alisema mkewe alikubali kutoka nyumbani kwake ili jirani azike vizuri, na kama zamu itafutwa kwa jina lake, basi waliondoe jina lake.

Mkurugenzi aliandika kwa muda mrefu.

"Mama," alisema mwishowe, "ikitokea tena, utamwita?"

"Nitamwita."

"Hata kama ni kaburi la nani?"

Nilikuwa nimechoka, na nilitaka yaishe. "La mtu yeyote," nilisema.

Waliamua zamu iendelee kwa mafuriko mengine mara moja tu, kwa majaribio. Iliyofuata kwenye orodha ni Magengeni. Mwenyekiti wake akichelewesha kidole hata dakika moja, mlango utachaguliwa na Mpimaji, mwaka huo na miaka yote inayokuja. Mkurugenzi alinikabidhi kibao kwa mikono miwili. Nilikipokea nikainama, na niliporudi nyumbani nilikifunika na kitambaa ili nisikione.

4

Emerensiana alipatikana siku ya tisa, asubuhi, chini ya mizizi ya mkuyu karibu na daraja. Kanuti alivua shati lake akamfunika uso.

Maiti ya siku tisa haisubiri ndugu wa mbali. Wakasema azikwe siku hiyo hiyo saa nane. Na saa tano na nusu, wakati wanaume wanachimba, Mpimaji alituma ujumbe kwenye simu zote za Lukwembe: mvua imepiga milimani usiku kucha, maji yatafika saa kumi kasoro robo, mlango mmoja ufunguliwe.

Nilikaa kwenye kigoda jikoni kwangu nikausoma mara tatu. Saa kumi kasoro robo. Komeo tisa kasoro robo. Kibao kingefunguka saa saba kasoro robo, na kabla mwenyekiti hajaweka kidole ilikuwa lazima azungukie mtaa na kuhakikisha kwamba wote wametoka. Kanuti aliuzungukia. Aliacha maiti ya mkewe kwa akina mama waliokuwa wanaiandaa, akapita nyumba kwa nyumba Magengeni, akawatoa wazee, akafunga hata mbuzi wa watu. Alipomaliza jeneza lilikuwa limeshapanda kilima, ikabidi akimbie kulifuata. Mimi na kibao changu tulipishana naye kwa njia nyingine. Nilipomfikia, alikuwa ameshachukua chepe.

Nilisimama pale pale kwenye mkaratusi. Sijui kwa nini. Labda mguu ulizoea.

Mvua nyepesi ilikuwa inanyesha. Chini yetu mji wote ulionekana: Magengeni kumetulia hakuna moshi hata jiko moja, na Mashineni watu kila mahali, wengine wangali wanaanika magodoro waliyoyaosha juzi, na wageni wa Magengeni wamefika na mabegi yao. Kibao kilisema dakika kumi na nne.

Kaburi lilikuwa limefukiwa nusu. Kanuti alikuwa anamwaga udongo taratibu, kama hataki uguse kitu chini kwa nguvu. Nilimwona Leokadia upande wa pili. Hakuwa amesema nami neno tangu ukumbini. Alikuwa ananitazama.

Dakika kumi na moja.

Nilifungua mdomo, sauti haikutoka. Niliwaza kwamba labda atageuka. Niliwaza hivyo hivyo tena, Mungu anisamehe, baada ya yote. Na mgongo wake niliuona umekakamaa, nikajua anajua nipo, nikajua anasubiri.

"Kanuti," nilisema.

Nyimbo zilikatika. Katekista alishusha kitabu chake. Mama mmoja mzee alisema "Yesu wangu" kwa sauti ya chini, akageuza uso kando.

"Kanuti Chogo. Nakuita."

Alisimama kidogo na udongo kwenye chepe. Kisha akaumwaga, ule mmoja wa mwisho, akalichomeka chepe kwenye chungu ya udongo na kuja. Watu walimpisha upana ambao hawakuwahi kumpisha mtu. Alinyoosha kidole gumba, nikamwekea kibao.

Kibao kilikataa. Kidole kilikuwa kimejaa tope la kaburi.

Alikifuta kwenye suruali. Kikakataa tena, suruali yenyewe ilikuwa tope tupu. Dakika saba. Yeye ndiye aliyenishikia kibao kisianguke.

Leokadia alikuja akizunguka kaburi. Hakunitazama. Aliushika mkono wa Kanuti, akachukua pindo la kanga aliyojifunga, lililolowa mvua, akamsafisha kidole kile polepole, kwenye ukucha, kwenye mistari, kama anavyosafishwa mtoto kabla ya kwenda kanisani. Halafu yeye mwenyewe akakibandika kwenye kibao.

Kibao kikaandika: Magengeni. Imepokelewa.

"Tayari?" Kanuti aliuliza.

"Tayari," nilisema.

Alitazama nyuma. Kijana mmoja wa ukoo wake alikuwa ameshalichukua chepe na kuendelea, bila kumtazama. Hakuna aliyemfukuza. Lakini hakuna aliyemrudishia chepe, naye hakuliomba. Alibaki nami chini ya mkaratusi, mwenye msiba kati ya watazamaji, na wenzake wakamzikia mkewe.

Baadaye kidogo honi ya tuta ililia, na mlango wa Magengeni ukaanza kufunguka. Maji yaliingia kwanza sokoni, kisha kwenye nyumba za mstari wa mbele. Nyumba yake ni ya tatu. Mashineni mtoto alikuwa anakimbiza tairi barabarani, kukavu.

Kanuti aliyapa maji kisogo, na kaburi pia hakuweza kulitazama. Aliegemea mti na kufumba macho.

"Msalaba ukisimama uniambie," alisema.

Nilimshika mkono. Tulisubiri hivyo, nikiwaangalia kwa niaba yake, wakisawazisha udongo, wakishindilia, wakimpokea katekista msalaba.

"Umesimama, kaka," nilimwambia.